Siku Tisini za Fahmi

"Keki niiandike vipi?" Ruweida, rafiki yake Khairiya aliyekuwa akioka keki, aliuliza kwenye simu. "'Kutoka kwa baba na mama', au mama peke yake?"

Khairiya alikuwa amekaa ukumbini kwa wazazi wake, Pujini, bintiye Yumna amemlalia mapajani. Jumamosi ile mtoto angetimiza miaka miwili. Pilau ilishakubaliwa, watoto wa jirani walishaalikwa, na hata baba yake, Mzee Mwalim, ambaye mambo ya keki aliyaita ya kizungu, alikubali kwa sharti kwamba kwanza isomwe dua. Lililobaki lilikuwa hilo la baba wa mtoto.

"Andika baba na mama," akasema mwisho.

Fahmi, baba yake Yumna, fundi umeme wa Wawi, alikuwa amemwacha Khairiya talaka moja, kwa ugomvi ulioanzia kwenye harusi ambayo mke alikwenda bila kumuaga mumewe. Hasira za mume kijana, basi. Lakini talaka moja si mwisho wa dunia. Mke akiwa bado ndani ya eda, mume ana neno moja tu la kusema, "nimekurejea", na mke ni wake tena, bila ndoa mpya, bila mahari, na hata kuulizwa haulizwi. Neno lenyewe mtu anaweza kulisema kwa simu huku anakunywa chai.

Khairiya alilingoja neno hilo. Simu ikilia alikuwa wa kwanza kuikimbilia, na mara nyingi alikuwa Ruweida na keki yake. Alishamwandikia Fahmi: "Yumna anatimiza miaka miwili Jumamosi ya tarehe ishirini. Weye ni baba yake, uje." Jibu likaja: "Ntakuja inshallah." Hakukuwa na la ziada. Alipompigia wifi yake Nahla kumchokonoa kama kaka yake ana nia yoyote, Nahla alicheka. "Subiri bethidei, wifi," akasema. Wifi gani anacheka jambo kama hilo? Khairiya alisubiri hivyo hivyo, na wahenga walishasema, ngoja ngoja huumiza matumbo.

Mama yake, Bi Rahila, alimshauri mara mbili amwambie Fahmi wazi kwamba siku zinakwisha. Alikataa. Akinitaka anajua nilipo, ndivyo alivyojibu.

Jumanne, alfajiri, alimkuta mama yake jikoni anakanda unga.

"Mama, nimeiona hedhi ya tatu."

Bi Rahila akaacha kukanda. "Una hakika?"

"Nna hakika."

"Basi eda imekwisha, mwanangu. Pole."

Siku ile Khairiya alilia mpaka macho yakavimba. Alimpenda Fahmi, hilo asimdanganye mtu. Alimpenda na kukoroma kwake na uvivu wake wa kufua. Alitaka kuifuta sherehe, kisha akamtazama Yumna anavyokimbizana na mapulizo sebuleni, akajiuliza mtoto ana kosa gani. Jumatano akaamka, akaosha uso, akaendelea kuhesabu vikombe.

Jumamosi, baada ya sala ya alasiri, Fahmi akaingia uani na kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikakakamaa, mkono mmoja una boksi la mtoto, mwingine una doti ya kanga. Nahla alikuwa nyuma yake, simu juu, anarekodi. Khairiya alipomwona tu, akavuta ushungi, akajifunika nywele zote mpaka kidevuni.

Fahmi akacheka. "Unajifunika kwangu mie?"

Khairiya akaukaza ushungi. Fahmi akasimama katikati ya wageni, akapaza sauti ili kila mtu asikie.

"Leo ni siku ya tisini. Nimezihesabu moja moja. Mbele yenu nyote, Khairiya, nimekurejea."

Nahla akapiga kigelegele. Hakuna aliyempokea. Wanawake walitazama mikeka, na Nahla mwenyewe akashusha simu taratibu bila kuelewa kwa nini.

Mzee Mwalim alimshika Fahmi mkono, akamkalisha kitini.

"Mwanangu, miezi mitatu ni eda ya mwanamke asiyeona siku zake," alimwambia kwa upole. "Anayeziona, hesabu yake si kalenda, ni twahara tatu; hedhi ya tatu ikiingia tu, eda imekwisha. Ya Khairiya ilikatika Jumanne."

Fundi anayejua kila waya unakotoka na unakokwenda, hili hakumuuliza hata shehe mmoja. Alimtazama mkwewe, akamtazama Khairiya na ule ushungi, na hapo ndipo alipouelewa.

"Siku nne," akasema. "Mzee, mie nia nnayo tangu wiki ya kwanza. Nilitaka iwe zawadi, siku ya mwanangu. Basi nimuoe upya. Mahari atakayoyataka."

"Hilo si langu. Mwali, kimya chake ndiyo idhini yake. Huyu keshaolewa, lazima atamke mwenyewe. Khairiya?"

"Ndiyo" ilikuwa imemjaa Khairiya kinywani. Lakini kuna neno lilimkwama.

"Tangu wiki ya kwanza?"

"Wallahi."

"Na Nahla alijua?"

"Alijua. Tulipanga pamoja."

Hapo ndipo alipochomwa. Kama Fahmi angekuwa hamtaki, yeye angelia yakaisha.

"Mwezi wa pili Yumna aliumwa homa," Khairiya akasema. "Nilikesha naye nikijua sina mume. Kumbe weye huko ulikuwa unajua una mke. Ulikuwa na neno moja tu, Fahmi, ukaliweka upate kulisema mbele ya watu."

"Nilitaka kukufurahisha."

"Najua. Na mie nakupenda, sikufichi. Lakini kuolewa nawe tena sitaki. Sitoweza kukaa na mtu anayeniona nazama, akangoja watu wajae pwani ndo aniokoe."

Fahmi akajifuta uso kwa mkono wa kanzu.

Dua ikasomwa, keki ikakatwa. Ruweida alipotaka kupiga picha, Yumna akamshika baba yake kidole, akashika na upindo wa kanga ya mama yake, akawavuta wakaribiane. Alivuta kwa nguvu zake zote, na wakubwa wawili wale hawakusogea. Mzee Mwalim akainuka, akaingia katikati yao, akambeba mjukuu wake.

Ndivyo picha ilivyotoka. Mtoto ana keki puani, babu yake amemkumbatia, na huku na huku wamesimama watu wawili wanaopendana, hawatazamani, na wote wawili wanalia.