Fomu ya Nyumba ya Oakes

Kila asubuhi Corinne Oakes alikoroga uji jikoni huku baba yake akipiga pasi shati la kazi. Kiwanda cha vipuri vya magari alikofanya kazi kilikuwa kimefungwa tangu Novemba, lakini saa moja kamili mzee Oakes alishuka ngazi akiwa amebeba kikoba chake cha chakula, majirani wamwone. Kutwa nzima alishinda maktaba. Corinne alijua, na alimhurumia mno hata hakuthubutu kusema.

Wiki ile darasa lao lilikuwa likihesabu watu wa mtaa wao, mjini Dayton. Mwalimu Pavlik aligawa fomu: nyumbani mko wangapi, nani ana umri gani, nani anafanya kazi gani. Majibu yangepelekwa kwenye baraza la mji, lililotaka kujua kama watoto wa mtaa ule bado wanahitaji chakula cha bure wakati wa likizo ndefu. Penye kazi ya baba, Corinne aliandika, “Fundi wa kiwanda.”

Ijumaa mwalimu alijumlisha ubaoni. “Nyumba arobaini na moja, wasio na kazi watatu tu. Kwa hesabu hii, chakula kitahamishiwa kwingine.”

Desmond, aliyekaa dawati moja na Corinne, aliinamisha kichwa. Likizo iliyopita mlo ule ndio uliokuwa mlo wake pekee wa siku.

Jioni Corinne alimwambia baba yake, “Baba, nimeandika uongo shuleni. Nimesema una kazi.”

Mzee Oakes alikiweka chini kikoba chake. “Si wako huo, mama. Umeuokota kwangu.”

“Lakini sasa chakula cha likizo kitahamishwa. Desmond atakula nini?”

Kesho yake mzee alivaa fulana kuukuu, akamshika bintiye mkono, wakaanza kugonga milango ya majirani kuuliza upya. Mama yake Desmond ndiye aliyefungua wa kwanza.

“Dada, mimi sina kazi tangu Novemba,” mzee alisema. “Wewe je?”

Mama yule alimkodolea macho, kisha akacheka mpaka machozi yakamtoka. “Na mimi nikikuona unatoka saa moja, najiambia, huyu keshapata, nimebaki peke yangu! Mwenzio nashinda kwa dada yangu, nijifanye niko kazini.”

Mficha maradhi kifo humuumbua, na mtaa mzima ulikuwa umeyaficha. Jumatatu Corinne alipeleka hesabu mpya; mwalimu alifuta tatu, akaandika kumi na tisa. Mwezi uliofuata baraza likaamua chakula kibaki palepale.

Siku barua ya baraza ilipofika, mzee Oakes alimketisha Corinne kando yake.

“Kukosa kazi si kosa, mwanangu. Ila nilitaka nionekane mzima, na nusura mtoto wa mwenzangu alale njaa. Ukiwa na shida, iseme. Huenda jirani yako anaogopa kuisema ya kwake.”

Corinne alimwegemea, na mzee hakuona haya kulia mbele ya mwanawe.