Vyuma Viwili vya Kupandia

Noella aliposhika vyuma asubuhi ile, vilinuka mawese, na kwao mawese yalikwisha tangu askari wapite jikoni.

Vilikuwa vishikio viwili vyenye meno. Ukivisukuma juu ya kamba vinateleza. Ukivining'inia vinaiuma, havishuki hata unywele mmoja. Félicien, mumewe, aliachiwa vyuma hivyo na Mzungu mchunguza mapango, kabla vita ya 1998 haijamrudisha kwao. Sasa kila askari walipokuja kijijini Nyakabere, wa upande wowote, mke na mume walishuka kwa kamba kwenye shimo la pango mlimani.

Humo chini ndimo Sabine, mke wa kwanza wa Félicien, alimokufa kwa homa akazikwa. Kwa desturi, Félicien hangeoa kabla ya kuganduka, siku ndugu wote wanapokunywa pombe na kuondoa matanga. Lakini kila mkutano ulidai ruhusa, na ofisi ya ruhusa ilikuwa imekimbilia Burundi na mhuri wake. Félicien akaoa hivyohivyo. Serikali haikulalamika.

Mchana huo askari walipoondoka, Félicien alitangulia kupanda, kisha akamteremshia Noella vyuma. Krr-tak. Krr-tak, meno yakapanda kamba. Halafu kimya, na harufu ya mawese aliyozoea kujipaka Sabine ikapanda shimoni.

"Féli," Noella alinong'ona, "kuko mutu ananishika muguu."

"Ni mizizi."

"Mizizi iko inavaa pete?"

Kisha kinywa cha Noella kikatoa sauti nyingine, ya upole.

"Bwana yangu, huyu analala mu kitanda yangu ni nani?"

Félicien akalala kifudifudi ukingoni, akaona kamba inatetemeka na Noella anashuka, shubiri kwa shubiri, ijapokuwa meno yale hayajawahi kuachia mtu, na kwa kuwa hakuwa na padri wala pombe wala ndugu, alisema neno pekee alilojua mwanamke mwenye wivu angelipenda.

"Sabine, minye sina bibi mwingine. Ni weye tu. Huyu ni mupita njia."

Mguu ukaachiliwa. Noella akapanda akihema, akatoka, akavichomoa vyuma akavibana kifuani.

"Mupita njia," akasema.

"Nilikuwa ninakuokoa."

"Najua." Alikuwa akitazama shimo, si mumewe. "Lakini yeye amekuamini."

Kamba tupu ilikuwa imekazika. Huko chini, krr-tak, krr-tak, bila haraka, mke alikuwa anapanda kurudi kwa mumewe.