Kaunta ya Wangeci Pale Ruiru

Jumamosi hiyo duka la Idarous, muuza vyombo wa Thika, lilikuwa limejaa watu mpaka mlangoni. Wangeci alijipenyeza katikati yao, gauni lake la buluu lenye kola nyeupe limenyooka kwa pasi, kitambaa cha manjano kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo lililotoka ng'ambo. Akalipapasa. Akalizunguka. Akainama kulichungulia kwa chini.

"Dada, unalinunua au unalichumbia?" sauti iliuliza nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu alisimama pale, vumbi la mbao kwenye nyusi, penseli sikioni.

"Ningelichumbia, lakini mlango wake uko nyuma, upande wa muuzaji. Mimi nafungua hoteli Ruiru, karibu na stesheni. Nataka mtu akione chakula, achague, ajipakulie mwenyewe."

"Mtu wa kazi ya mikono, ajipakulie?"

"Si mikono anayo?"

Kijana aliangua kicheko. Aliitwa Makau, fundi seremala, na karakana yake ilikuwa nyuma ya duka hilohilo. Kabla ya kushika randa alikuwa mbeba masanduku ya mananasi kiwandani.

"Basi hizo bakuli za maua ziache," alisema, akionyesha rafu ya kando. "Chukua enameli nyeupe."

"Nyeupe itaonyesha uchafu."

"Ndiyo maana. Wakiona pasafi, wataamini."

Wangeci alimtazama upya. Wakachagua pamoja: sinia pana za maandazi na viazi vitamu, sufuria zenye vifuniko, pawa za mpini mrefu ili mkono wa mtu usifike kwenye mchuzi. Kabati, Makau aliapa kulitengeneza mwenyewe.

Tangu siku hiyo Wangeci akawa mgeni wa kila mara katika posta ya Ruiru, akipiga simu dukani kwa Idarous, naye Idarous akimwita fundi huku akiguna.

"Halo! Makau! Kabati langu halijambo?"

"Usipige kelele, mpenzi, Ruiru si Ulaya. Kabati halijambo. Mgonjwa ni fundi."

"Ngai! Anaumwa nini?"

"Jumapili ya kukuona iko mbali."

Wangeci alicheka mpaka karani wa posta akakohoa.

Kabati lilifika Ruiru juu ya lori, Makau akilishikilia, mvule uliong'arishwa, vioo safi kama maji. Wangeci alishika kifua kwa furaha. Kisha akalizunguka, na furaha ikamtoka. Milango ilikuwa nyuma, tena ina kufuli.

"Hii ni nini?"

"Nilifikiria sana," Makau alisema taratibu. "Watu wenye njaa wana mikono mirefu, Wangeci. Watakufilisi. Ni heri wewe uwape."

"Niwape kwa dirisha, kama kuku? Wewe mwenyewe si ulikuwa ukisukumiwa ugali dirishani pale kiwandani? Uliiba?"

"Sikuiba."

"Basi kwa nini unadhani wenzako ni wezi?"

"Nakuogopea wewe!"

"Mimi sijaomba kuogopewa. Rudisha kabati lako."

Kabati lile lilikuwa kazi bora kuliko zote ambazo Makau aliwahi kufanya. Alilipandisha tena kwenye lori, na simu zikakoma. Wangeci alilia kwa hasira, akanawa uso, akaagiza meza ndefu za kawaida na vyandarua vya kufunikia chakula. Hakurudi nyuma hata hatua moja.

Siku ya kufungua, harufu ya chapati na maharagwe ilitambaa mpaka stesheni. Wafanyakazi wa reli na wa mashamba ya kahawa waliingia, wakaona sahani zimepangwa na chakula kiko wazi mbele yao, wakasimama. Hakuna aliyenyoosha mkono.

"Karibuni, jipakulieni," Wangeci alisema.

"Mama, kwani mwenye kupakua yuko wapi?" mmoja aliuliza, mikono nyuma ya mgongo.

"Ni wewe."

Watu wakatazamana. Ndipo mtu akapenya kutoka nyuma, shati jeupe, viatu vimeng'aa. Makau. Alichukua sahani, akafunua chandarua, akajipakulia chapati mbili na maharagwe mbele ya macho yote. Upawa ulikuwa umejaa mno, mchuzi ukammwagikia kifuani.

"Kumbe ni rahisi," alisema kwa sauti. "Mwaka mzima kiwandani nilikuwa nikitamani kushika upawa mwenyewe."

Mtu wa reli akacheka, akachukua sahani. Wa pili akafuata. Punde foleni ikanyooka mpaka nje, kila mtu akichagua, akipita kwa Wangeci kulipa, kichwa juu.

Makau alisubiri foleni ipungue. "Nilikosea, Wangeci. Niliwasahau watu wangu, na wewe nilikudharau. Kabati liko nje. Milango nimeihamishia mbele, na kufuli nimelitupa."

"Umelileta kuniuzia?"

"Nimelileta kukuposa. Ukinikataa, libaki tu. Ni lako."

Wafanyakazi waliacha kutafuna. Wangeci aliitazama hoteli yake, watu wameketi na sahani walizojijazia wenyewe, akahisi kifua kimepanuka. Akamgeukia yule fundi.

"Jumapili tunaenda Kamenu kwa baba. Uvae shati hilo."

"Lina mchuzi, mpenzi!"

"Livae hivyohivyo. Aone umekula kwangu."