Keria Aliyoikata Osmund

Lilianza tairi. Baiskeli imesimama peke yake kwenye kibanda cha ufundi cha Osmund, pale Msamala, juu yake hakuna mtu, hakuna gunia, hakuna hata kuku, na tairi la nyuma limebonyea kama limempakia mama mwenye nyumba. Osmund alilijaza upepo mpaka likawa gumu kama jiwe. Likaendelea kubonyea.

"Rimu imechoka," alisema, maana fundi akikosa jibu huisingizia rimu.

Baiskeli hiyo aliinunua kijijini Hanga, ikiwa imepakwa rangi ya kijani ya mageti. Alipokwangua akakuta nyekundu, chini ya nyekundu nyeusi, na chini kabisa bluu inayong'aa kama shingo ya njiwa. Akaipindua, akasugua pale pedeli zinapozungukia, namba zikajitokeza. Akazilinganisha na picha za kwenye simu, akajikuta ameketi juu ya ndoo. Ilikuwa baiskeli ya milimani ya miaka ya themanini, za mwanzo mwanzo. Mtu mmoja wa Iringa, mkusanyaji wa baiskeli za zamani, aliahidi kuja Jumamosi kuichukua, ila iwe kama ilivyotoka kiwandani.

Osmund alizaliwa kwa ajili ya sharti hilo. Ukimpa chungu cha bibi yako akizibe, atauliza kwanza udongo ulichimbwa wapi. Akatafuta breki za enzi zile, siti ya enzi zile, hata kengele akaing'oa kwa kuwa ni ya juzi. Ikabaki keria, chuma kizito kilichochomelewa nyuma na kuviringishiwa kitambaa cheusi. Kiwandani haikuwepo. Akaikata kwa msumeno, akampa mtu wa vyuma chakavu.

Tairi likainuka palepale. Osmund akajipongeza. Jioni mgongo ukaanza kumuuma.

Kila siku aliijaribu baiskeli kwenye miinuko ya Matogoro, na kila siku alirudi amelowa jasho katika baridi ambayo wenzake wamevaa makoti mawili. Mkewe, Benigna, akawa anamnusa mlangoni.

"Baba Calvin, hii harufu ya nani?"

"Ya grisi."

"Tangu lini grisi ikanukia waridi?"

Halafu jirani yao Leticia, muuza maandazi wa njia panda, akamnong'oneza Benigna kwamba shemeji hupita na mwanamke, nywele ndefu hadi kwenye spoku. Benigna hakubishana na mtu. Alitoa begi, akaanza kukunja vitenge.

Osmund akaiingiza baiskeli chumbani kama shahidi.

"Mama Calvin, tazama mwenyewe. Haina keria. Huyo mwanamke ningempakia wapi?"

Hata Benigna alisita, kitenge mkononi. Wakamwita Leticia aje ajibu.

"Mgongoni," Leticia alisema taratibu, akitazama sakafu. "Mimi nilidhani mnataniana. Miguu ameizungusha kiunoni kwako, kidevu kakiweka begani. Na kila nikikusalimia, shemeji, anayeitika ni yeye."

Osmund alitaka kucheka, na kicheko kingetoka kama asingekumbuka kwamba tangu aikate ile keria amekuwa akiamka na unyevu begani, upande mmoja tu, upana wa kidevu, na kwamba akipanda kilima husikia pumzi mbili, yake inayohema kama ya ng'ombe mgonjwa, na nyingine iliyotulia karibu na sikio, pumzi ya mtu anayeifurahia safari na asiye na haraka ya kufika.

Kesho yake alikwenda kwa Maalimu Daimu, mtu wa Namtumbo anayetibu wenye majini asubuhi na kuuza mayai mchana.

"Shikamoo, maalimu."

"Marahaba," Daimu aliitikia, akitazama juu ya bega la Osmund. "Huyu alikuwa na kiti chake. Mwenye baiskeli wa zamani alimtengenezea ili asimpande yeye. Mfungie keria, hata mpya. Atakaa, hana ugomvi."

"Maalimu, kesho mnunuzi anakuja kuichukua. Keria haikutoka kiwandani."

"Na mkeo, yeye alitoka kiwandani?"

Osmund akajishika mgongo. "Nishushie tu mgongoni. Mengine nitajua mwenyewe."

"Kumshusha naweza. Ila akikosa kiti atatafuta mgongo, na hatauendea mbali."

Osmund alisikia nusu ya kwanza. Daimu akafukiza ubani, akasoma kwa muda mrefu, mpaka mgongo wa Osmund ukanyooka. Akarudi nyumbani akipiga mluzi, mwepesi kama ametua zege.

Benigna alikuwa ameketi kizingitini, begi tupu pembeni, vitenge amevirudisha kabatini.

"Nimefikiri, Baba Calvin. Siendi kwetu. Nimekusamehe."

Osmund akafurahi, akamnyooshea mkono amwinue. Benigna alijaribu kusimama, akashindwa, akashika mwimo wa mlango, akainama na kujitikisa kidogo, kama mama anayemweka sawa mtoto mgongoni.

"Ila mwambie huyu alegeze mikono," alisema kwa sauti ndogo. "Ananibana shingo."

Osmund akamtazama mkewe. Kisha akageuka, akaitazama baiskeli. Kesho ilikuwa Jumamosi.