Samaki wa Friza ya Clemens

Kila Jumamosi, baada ya kufagia uwanja na kuteka maji, Bertilla alitumwa kununua kitoweo. Kwao ni mtaa wa Izia, na miaka hiyo ya biashara huria maduka yalikuwa yakifunguliwa kila kona ya Sumbawanga. Jipya kuliko yote lilikuwa la Bwana Clemens, lenye friza iliyojaa migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika.

"Uliza kwanza samaki wametoka wapi na wamefika lini," mama yake, Tereza, alimwagiza. "Usipojibiwa, chukua maharage."

Dukani watu walikuwa wengi. Bertilla aliamkia, hakuitikiwa. Alipouliza samaki wametoka wapi, Clemens alimkazia macho.

"Wametoka majini. Ulitaka watoke shambani?"

Watu walicheka. Mwanamke aliyekuwa nyuma yake alimsukuma, akamwambia asiwacheleweshe wakubwa kwa maswali ya darasani. Bertilla aliona aibu, akapokea samaki walioganda kama mawe, akaondoka. Nyumbani alisema wametoka Kasanga, bandarini ziwani, wamefika jana. Samaki walipoyeyuka, Tereza aliona nyama imelegea mno, lakini aliliamini neno la mwanawe, akapika.

Jioni, Vitus, mdogo wake Bertilla, alianza kutapika na kuharisha. Asubuhi alikuwa hospitali, macho yameingia ndani, ametundikiwa dripu. Bertilla alipomwona hivyo alilia, akamweleza mama yake ukweli. Tereza hakumpiga. Alimshika mkono, akaenda naye dukani.

Clemens hakutaka kuwasikiliza. Alitangaza mbele ya wateja kwamba uchafu uko jikoni kwa Tereza, kisha akawatoa nje. Tereza alikwenda moja kwa moja kwa bwana afya, Flavian, akarudi naye. Flavian aliuliza samaki wametoka wapi. Clemens akajibu kwamba ni wa Kasanga, wamefika juzi.

"Daraja la njia ya Kasanga lilisombwa na maji wiki iliyopita, na magari hayapiti," Flavian alisema. "Hao wa juzi walipita wapi?"

Akaamuru friza ifunguliwe. Friza ilipofunguliwa na samaki kuanza kuyeyuka, harufu iliwafukuza waliosimama mlangoni. Mwishowe alikiri: umeme ulikatika siku kadhaa, samaki wakaharibika, na uliporudi wakaganda tena. Flavian aliamuru wote wamwagiwe mafuta ya taa ili mtu asiwafukue akawala, kisha wafukiwe shimoni. Mke wa Clemens alitema mate miguuni kwa Bertilla, akasema mtoto huyo amewafilisi. Hakuna aliyemkemea.

Vitus alipopata nafuu, Tereza alimwita Bertilla kando ya kitanda.

"Uliogopa kuchekwa, ukanidanganya, na mdogo wako nusura tumzike," alisema. "Kuuliza chakula kimetoka wapi si utovu wa adabu. Muuzaji akilikasirikia swali hilo, hasira yake ndiyo jibu. Ondoka, hata dukani wote wakikuzomea."