Dawa ya Kuzuia Damu Ilivyonipa Mimba Isiyokuwepo

"Mshike mikono! Mshike vizuri, Benadeta!"

Wifi yangu akanikaba mikono kwa nyuma. Mama mkwe akanisogezea kikombe cha bati mdomoni, ndani maji meusi ya majani, bado yanatoa mvuke.

"Kunywa! Mwana wa haramu hazaliwi kwenye kibanja changu!"

"Mama, sina mimba! Natumia dawa!"

"Dawa gani inakausha hedhi? Mumeo yuko Mwanza, na wewe hata kitambaa huaniki siku hizi! Unatuona wajinga?"

Jamani... sikieni kwanza ilivyokuwa.

Naitwa Avelina, nimeolewa Nyaishozi. Mume wangu Cleophace alipokwenda Mwanza kwenye kazi za ujenzi, hedhi yangu ikagoma kukatika. Damu mabonge mabonge! Nikawa naona kizunguzungu, hadi nikaanguka nikipalilia maharage.

Aliyenipeleka kituo cha afya ni huyuhuyu Benadeta, mdogo wake Cleophace. Alikaa pembeni yangu daktari akisema nina uvimbe kwenye kizazi. Nikaandikiwa vidonge vya homoni vya kuzuia damu.

"Ukiwa unameza hivi, hedhi inaweza isije kabisa," daktari alisema. "Usishtuke. Ila usiache katikati bila kuniona. Damu uliyobaki nayo ni kidogo, ukimwaga nyingine tunakupoteza."

Benadeta alisikia kila neno. Hata alinibebea kanga!

Sasa ndiye kanikaba mikono.

"Benadeta, si tulikuwa wote kwa daktari? Mwambie mama!"

Akacheka.

"Mimi? Tulikuwa wote wapi? Usiniingize kwenye umalaya wako."

Weee! Nilihisi kifua kinawaka moto. Nikamkanyaga kidole kwa nguvu zote, akaniachia, nikapiga kikombe kikaruka, nikatoka mbio katikati ya migomba mpaka kwa jirani yetu, mzee Kashaija.

Mzee akanifungia ndani. Akasimama mlangoni na panga lake.

"Anayemtaka huyu mtoto aje apite hapa!"

Kumbe Benadeta alishampigia kaka yake simu. Kesho yake Cleophace akaja na basi. Hata salamu hakunipa.

"Twende kwa daktari. Ikionekana mimba, unapitiliza kwenu Kamuli."

"Na isipoonekana?"

Akageuka, akatangulia njiani.

Tukaenda wote wanne, pamoja na mama mkwe na Benadeta. Daktari akaniuliza kama nakubali majibu yasomwe mbele yao.

"Yasome! Tena kwa sauti!"

Nikapimwa mkojo. Hakuna mimba. Akaniwekea na kile kipimo cha picha tumboni. Uvimbe uleule, basi.

"Hivi vidonge vinatuliza ukuta wa kizazi usibomoke," daktari akawaambia. "Ndiyo maana damu haitoki. Akimaliza dozi, hedhi itarudi. Mlitaka kumnywesha nini?"

Mama mkwe akaruka juu.

"Kipimo chenu kibovu! Mpimeni na binti yangu, tulinganishe!"

Benadeta akapauka...

"Mimi? Sipimwi!"

"Ni mkojo tu, mwanangu. Waache wakupime, hawa waongo waumbuke."

"Nimesema sipimwi!"

"Hapa hapimwi mtu kwa lazima," daktari akasema.

Lakini Benadeta alishatoka mbio. Hakufika mbali. Alishika nguzo ya baraza akatapika mbele ya akina mama wote wa foleni.

"Mawe! Mama yangu wee!" mama mkwe akapiga ukunga, akakaa chini sakafuni.

Kumbe! Mwenye mimba ni yeye! Alitaka macho ya mama yake yabaki kwenye tumbo langu, yasishuke kwenye lake.

Cleophace akanishika mkono.

"Avelina, nisamehe."

"Nimekusikia. Kamuli naijua njia, nakwenda mwenyewe."

Nilimalizia dozi kwetu. Siku chache baadaye hedhi ikarudi, safari hii ya kawaida. Nikiwa hukohuko, simu ikaita. Benadeta!

"Wifi... vile vidonge vyako vimebaki? Nataka nivimeze, hii mimba itoke. Mama kanifukuza."

Nilitamani nimtukane mpaka simu iishe chaji. Mdomo ulishafunguka...

"Vile havitoi mimba. Na usimeze dawa ya mtu mwingine, utajiua. Kesho tukutane kliniki."

Tukakutana. Sikumsalimia. Tukakaa benchi moja kama watu wasiojuana.

"Wifi, asante," akanong'ona.

"Usiniite wifi. Ingia, unaitwa."

Sijamsamehe, ndugu zangu, na msinilazimishe kwenye komenti. Cleophace naye bado anakuja Kamuli kila Jumapili, anakaa na baba yangu, anarudi peke yake.

Ila dada zangu, dawa za kuzuia damu zinaweza kusimamisha hedhi, kuichelewesha au kuipunguza. Muulize anayekuandikia, tena umuulize mpaka uelewe. Ukiwa na wasiwasi wa mimba, pima. Na nyie mnaokaa kuhesabu vitambaa vya mke wa mtu kwenye kamba... kamba haijasomea udaktari!