Sauti ya Nne

Basi wanangu, shikeni hili kwanza: waitikiaji walikuwa watatu. Wasichana watatu tu.

Badria wa Mchafukoge alitoa albamu, nyimbo zote kazichota kwenye hadithi za bibi yake, Bi Sofia, anayekaa naye ghorofa ya pili. Kariakoo ikaipokea. Kila duka la vitenge lina spika, na kila spika inapiga wimbo ule ule mmoja, Badria anaita, "Hadithi, hadithi," wasichana wanaitikia, "Njoo."

Siku moja mchana Badria anakaanga samaki, redio inaimba, akajikuta anahesabu sauti za waitikiaji. Nne. Ya nne nzito, inachelewa kidogo, kama mtu anaitikia yuko bado ngazini.

Akampigia Anuari aliyerekodi. Anuari akacheka, akasema mwangwi huo. Alipoifungua kwenye kompyuta yake akasema hiyo sauti hakuirekodi yeye.

Toka hapo nyumba ikanuka manyoya ya mbuzi yanayoungua. Na kila wimbo huo ukipigwa huko chini, ngazini kunalia kwato, ko, hatua moja tu, wimbo ukirudiwa hatua nyingine, na nyie mnajua spika za Kariakoo hazipumziki, basi ko, ko, ko, mpaka mlangoni, na koo la Badria linakauka, mpaka siku alipomwamkia bibi yake shikamoo ikatoka kwa ile sauti nzito.

Akaandika kwenye karatasi, akampa jirani amsomee bibi: *Ile hadithi ya wimbo huu uliimaliza?*

Bi Sofia akatazama dirishani. Hakuimaliza, na alijua. Hadithi hiyo ya mwenye kwato ilikuwa ya dada yake, Bi Mwanahija wa Gerezani. Kwenye arusi ya familia Sofia aliapa mbele za watu ni yake, wakagombana, mwaka wa sita huu hawasalimiani. Siku ya kumsimulia Badria akauruka ule mwisho: nzuri chukueni wote, mbaya niachieni mwenyewe. Mama yao aliwaonya kwamba mwenye hadithi ndiye anayebeba ubaya wake. Sofia alitaka sifa, ubaya hakuutaka.

Akaenda Gerezani. Akamkuta dada yake kwenye mbuzi, anakuna nazi.

"Dada, njoo uifunge. Ni yako."

Mwanahija hakuinua uso. "Kumbe leo ni yangu." Akakuna, akakuna. "Uliapa. Kaifunge mwenyewe."

Akarudi. Akasimama mlangoni, chini spika zinaimba, manyoya yanamwungulia puani, akamwona mjukuu wake ameziba mdomo kwa viganja viwili, akasema polepole, "Ikiwa nzuri, chukueni. Ikiwa mbaya, ni yangu. Mimi Sofia."

Kwato zikampita Badria. Zikaingia chumba cha bibi.

Badria akakohoa. "Bibi," akasema, kwa sauti yake.

Siku hizi ukisikiliza wimbo, waitikiaji ni watatu. Bi Mwanahija huja kila Ijumaa na kifuu cha tui, anasimama mlangoni kwa mdogo wake, mkono juu, hodi haimtoki. Anajua akiipiga atajibiwa "Karibu" mara mbili, na ya pili itachelewa kidogo.